Programu za Heshima katika Vyuo Vikuu vya Marekani: Mwanafunzi wa Kijijini Huingiaje, na Nani Hulipa?

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, maswali ya masomo ya juu huanza. Mengi huwa ya KUCCPS na mkopo wa HELB. Lakini liko swali jingine ambalo wazazi huwa nalo wakakosa wa kumuuliza: kijana ameomba nafasi katika chuo kikuu cha Marekani, amekubaliwa, na pamoja na barua hiyo amealikwa kujiunga na programu ya heshima, ile inayoandikwa Honors kwenye barua. Je, hiyo ni nafasi ya masomo, ni tuzo au ni pesa? Na mama auze ng'ombe au asiuze?

Jibu fupi ni hili: programu ya heshima ni nafasi ya masomo. Pesa ni suala jingine, na mara nyingi huamuliwa na ofisi nyingine kwa barua nyingine. Familia ikielewa tofauti hiyo mapema, inaweza kuokoa shamba. Hapa tunaeleza programu hizi ni nini, mwanafunzi huingiaje, na mzazi aangalie nini kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Neno moja, maana tatu

Mkanganyiko huanzia kwenye neno lenyewe. Hapa Kenya, kama ilivyo Uganda na Tanzania, tulirithi mfumo wa Uingereza. Mtu akisema amepata shahada ya heshima daraja la kwanza, anamaanisha kwamba amemaliza chuo na alama zake zilikuwa za juu. Heshima hiyo huja mwishoni.

Afrika Kusini neno hilo hilo lina maana nyingine. Huko mwanafunzi husoma shahada ya kawaida kwa miaka mitatu, kisha akitaka huongeza mwaka mmoja wa kusomea shahada ya heshima.

Marekani heshima huanza mwanzoni. Ni programu iliyo ndani ya chuo kikuu, ambayo mwanafunzi huingia mara nyingi mwaka wa kwanza na kuendelea nayo sambamba na shahada yake ya kawaida. Anayesomea uhandisi hubaki kuwa wa uhandisi. Tofauti ni kwamba baadhi ya masomo yake huyasoma katika madarasa ya programu hiyo, na kabla ya kuhitimu huwa na kazi ya ziada ya kufanya.

Programu hizi zina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1922 chuo cha Swarthmore, katika jimbo la Pennsylvania, kilianzisha programu yake chini ya mkuu wa chuo Frank Aydelotte. Aydelotte alikuwa amesoma Oxford, Uingereza, na alipenda namna wanafunzi wa huko walivyofundishwa katika vikundi vidogo na kutakiwa kujieleza. Baadaye vyuo vikuu vikubwa vya umma vilichukua wazo hilo. Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilianza programu yake mwaka 1935. Arizona State kilianzisha chuo cha heshima, kinachoitwa Barrett leo, mwaka 1988. Penn State kilianzisha chuo cha heshima cha Schreyer mwaka 1997, na chuo kikuu cha mji wa New York kikaanzisha Macaulay mwaka 2001.

Vyuo vya umma vilikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi kinaweza kummeza kijana: darasa lina watu mia tatu na mwalimu hajui jina lake. Wazazi waliokuwa na uwezo waliwapeleka watoto wao vyuo vidogo vya binafsi. Programu ya heshima ilikuwa njia ya kuwaambia vijana wenye bidii: njooni kwetu, tutawapa chuo kidogo ndani ya chuo kikubwa.

Ndani yake kuna nini?

Programu hutofautiana, lakini mambo kadhaa hujirudia karibu kila mahali.

Madarasa ni madogo. Badala ya kukaa ukumbini na kuandika anayosema mhadhiri, mwanafunzi hukaa mezani na wenzake, husoma kitabu kabla ya kuja, na hutakiwa kusema amekielewaje. Katika chuo cha Barrett, kwa mfano, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupitia kozi ya mihula miwili ya kusoma na kujadili maandishi ya kale na ya sasa, hata kama wanasomea sayansi.

Kuna mshauri anayefuatilia masomo ya mwanafunzi. Mara nyingi wanafunzi wa heshima hujiandikisha masomo kabla ya wenzao, na katika vyuo vingi wana mabweni yao.

Mwishoni kuna tasnifu. Hii ni kazi ya utafiti ambayo mwanafunzi hufanya mwenyewe akiongozwa na mhadhiri. Kule Schreyer haiwezekani kuhitimu na heshima bila tasnifu, na pia lazima wastani wa alama usishuke chini ya 3.40 kati ya 4.00. Akishindwa kufikia masharti, mwanafunzi huweza kutolewa kwenye programu ya heshima, ingawa kwa kawaida hubaki kuwa mwanafunzi wa chuo. Mzazi aliulize jambo hili mapema, hasa kama kuna ufadhili ulioambatana na programu. Heshima ikiondoka, je, ufadhili nao unaondoka?

Milango mitatu ya kuingilia

Kosa ambalo huwanyima vijana wengi nafasi ni kudhani kwamba ukikubaliwa chuoni, umekubaliwa kila kitu. Programu ya heshima ina mlango wake.

Mlango wa kwanza hufunguka wenyewe. Baadhi ya vyuo husoma ombi la kawaida la mwanafunzi na, wakiona anafaa, humwalika kwenye programu bila yeye kuomba.

Mlango wa pili lazima ubishwe hodi. Hapa mwanafunzi huomba nafasi chuoni, kisha huomba tena programu ya heshima, ama kwa kuweka alama kwenye kisanduku ndani ya fomu, ama kwa kujaza fomu nyingine yenye insha zake. Siku ya mwisho ya ombi hili mara nyingi hutangulia ile ya chuo. Anayekuja na matokeo mazuri siku moja baada ya hapo hasikilizwi.

Mlango wa tatu wengi hawaujui. Vyuo vingi hupokea wanafunzi wa heshima baada ya muhula wa kwanza au mwaka wa kwanza, kwa kuangalia alama walizopata chuoni hapo. Schreyer na Barrett wote wana mlango huo. Kwa kijana aliyetoka shule ya kutwa ya kijijini isiyo na maabara, huu unaweza kuwa mlango bora kuliko yote. Hapimwi kwa alichokosa alipokuwa sekondari. Anapimwa kwa alichofanya alipopata vifaa sawa na wenzake. Kwa hiyo aliyekosa mwaliko mwanzoni asilie. Aingie chuoni, asome, aulize ofisi ya programu hiyo lini wanapokea maombi ya wanafunzi waliokwishaanza.

Wanaangalia nini?

Alama ni muhimu, tusidanganyane. Wataomba ripoti za shule kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne pamoja na hati ya matokeo ya KCSE. Wanaangalia pia kama alama zinapanda au zinashuka. Vyuo vingine huomba mtihani wa SAT, ambao siku hizi hufanywa kwa kompyuta katika kituo cha mtihani, na vingine havihitaji. Vingi huomba pia mtihani wa Kiingereza. Mwanafunzi asome masharti ya kila chuo kabla ya kulipia mtihani wowote, kwa sababu mitihani hii si ya bei rahisi.

Lakini kwa programu ya heshima, wanaoomba wengi wana alama nzuri. Kinachowatenganisha ni insha na barua za walimu.

Insha kuu ya fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi hutumia, haizidi maneno 650, na programu ya heshima inaweza kuongeza maswali yake. Wanaosoma insha hizo wanatafuta kijana mwenye udadisi: anayeuliza swali na kulifuatilia hadi mwisho bila kuambiwa na mtu. Kijana wa kijijini anaweza kudhani hana la kuandika kwa sababu hajawahi kusafiri wala kushinda mashindano ya kimataifa. Si kweli. Tuseme msichana aliona viwavijeshi wanakula mahindi ya nyumbani kwao kuliko ya jirani, akaanza kuhesabu mimea iliyoliwa kila Jumamosi, akajaribu kunyunyiza majivu mistari mitatu na kuacha mitatu, kisha akaandika alichoona kwenye daftari. Huo ni utafiti. Akiuandika kwa ukweli, akataja hata kilichoshindikana, insha yake itasomwa hadi mwisho.

Insha inayonunuliwa saiba, au inayonakiliwa kwenye simu, hutambulika haraka. Ikigunduliwa, kijana anaweza kupoteza nafasi hata baada ya kukubaliwa.

Kwa walimu wetu, tuna ombi. Barua inayosema "huyu ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii" haimsaidii mtoto, maana barua zote husema hivyo. Mwalimu aandike alichokiona kwa macho yake: swali gani mwanafunzi aliuliza darasani, alifanya nini pale kitabu kilipokuwa kimoja kwa watu sita, aliwafundisha akina nani jioni. Mifano miwili kama hiyo inatosha.

Kalenda ya mwanafunzi wa KCSE

Hapa ndipo vijana wengi wa Kenya hukwama, kwa sababu kalenda yetu na ya Marekani hazilingani. KCSE huisha Novemba na matokeo hutangazwa karibu na Januari. Vyuo vya Marekani hufungua mwaka Agosti au Septemba, lakini maombi hufungwa miezi mingi kabla ya hapo. Programu nyingi za heshima hufunga Novemba, nyingine Desemba au Januari. Anayesubiri matokeo ndipo aanze huwa amechelewa kwa mwaka huo.

Kwa hiyo wengi huhitaji mwaka mzima wa maandalizi baada ya kidato cha nne. Kuanzia Januari hadi Julai, kijana achague vyuo, afanye mitihani inayohitajika na aombe pasipoti kupitia eCitizen. Ahakikishe majina yake yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, hati ya KCSE na pasipoti. Fomu mpya ya Common App hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Agosti hadi Oktoba ni miezi ya kuandika insha na kuwapa walimu muda wa kuandika barua zao. Majibu mengi hutoka kati ya Desemba na Aprili, na kwa desturi mwanafunzi hutakiwa kuwa amechagua chuo ifikapo tarehe 1 Mei. Baada ya hapo ndipo huja viza na safari.

Mwaka huo usipotee bure. Kijana anayesaidia kufundisha katika shule ya msingi ya kijiji au kufanya kazi shambani huku akisoma ana jambo la kuandika. Na asiiache nafasi ya KUCCPS hadi awe na uhakika wa ile ya nje. Chuo cha hapa nyumbani ni chuo.

Pesa: soma barua nne

Sasa turudi kwa mama na ng'ombe wake. Kabla ya kuuza chochote, familia inapaswa kuwa imeshika na kuelewa karatasi nne.

Ya kwanza ni barua ya kukubaliwa chuoni. Ya pili ni mwaliko wa programu ya heshima. Hizi mbili zinasema mtoto anafaa. Hazisemi nani atalipa.

Ya tatu ni barua ya ufadhili. Hii hutaja kiasi, inalipia nini, kwa miaka mingapi na kwa masharti gani. Ya nne ni fomu ya I-20, ambayo chuo hutoa baada ya kuona ushahidi kwamba gharama za mwaka wa kwanza zina mlipaji. Bila I-20, hakuna viza ya mwanafunzi.

Tupige hesabu. Tuseme gharama zote za mwaka, yaani karo, chakula, malazi, bima na vitabu, ni dola 50,000, na barua ya ufadhili inatoa dola 15,000. Masikioni hizo ni pesa nyingi. Lakini zimebaki dola 35,000. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 4,550,000 kwa mwaka, na shilingi 18,200,000 kwa miaka minne. Harambee moja inaweza kumpandisha mtoto ndege. Haiwezi kumlipia miaka minne.

Mikopo na misaada ya serikali kuu ya Marekani haipewi mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1. Viza hiyo humruhusu kufanya kazi chuoni, kwa kawaida si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na mshahara wake ni wa matumizi madogo. Programu nyingine huongeza ada: Barrett, kwa mfano, hutoza ada yake juu ya karo ya chuo. Nyingine hulipia karo yote lakini kwa wenyeji. Macaulay inajulikana kwa kusomesha bila karo, ila sharti lake ni kuwa mkazi wa jimbo la New York.

Kwa hiyo familia isiyo na uwezo ijue jambo hili: programu ya heshima huenda isiwe njia ya kutafuta ufadhili kamili. Vipo vyuo vichache vya binafsi, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo humpokea mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wa wazazi wake na kisha kumpa msaada kulingana na hali ya familia. Kuingia huko ni kugumu mno, lakini anayekubaliwa hupata jibu la pesa pia. Kijana mwenye alama za juu kabisa na mfuko mtupu aombe huko pamoja na kwingineko.

Wanaoweza kusaidia, na wa kuepuka

Msaada wa bure upo. EducationUSA ni mtandao wa ushauri wa serikali ya Marekani na una ofisi katika ubalozi wa Nairobi. Mpango wa KenSAP, ulioanza mwaka 2004, huwasaidia vijana wa Kenya waliofanya vizuri kuomba vyuo vya Amerika Kaskazini. Benki ya Equity ina mpango wake wa viongozi ambao pia huwaelekeza wanafunzi bora kwenye vyuo vya nje.

Tunajua pia madhara ya kutoa pesa bila kusoma karatasi. Mwaka 2023 wazazi wa kaunti ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai kurudishiwa mamilioni waliyolipa ili watoto wao wapelekwe vyuo vya Finland na Kanada. Mpango huo haukuhusu programu za heshima, lakini somo lake ni la kila mzazi: pesa ya chuo ilipwe kwa chuo.

Chuo halali kinaweza kuomba malipo ya kushika nafasi, lakini hulipwa kupitia akaunti ya mwanafunzi kwenye mtandao wa chuo. Barua pepe za vyuo vya Marekani kwa kawaida huishia na .edu. Anayetaka utume M-Pesa kwa namba yake binafsi leo leo, la sivyo nafasi itaenda kwa mwingine, mwambie asubiri, kisha andikia chuo chenyewe. Malipo ya serikali ya Marekani yanajulikana: ada ya SEVIS ya dola 350 na ada ya ombi la viza, iliyowekwa kuwa dola 185 mwaka 2023. Hakuna wakala anayeuza viza. Hakikisha viwango hivyo na sheria zilizopo kwenye tovuti ya ubalozi, kwa sababu hubadilika. Juni 2025, kwa mfano, Marekani iliweka vikwazo kwa viza za raia wa jirani zetu wa Burundi, zikiwemo za wanafunzi.

Na kijana anayetumia saiba afungue barua pepe yake mwenyewe, aandike neno la siri kwenye daftari, asimwachie mhudumu. Vijana hupoteza nafasi kwa sababu barua ya kukubaliwa iliingia kwenye barua pepe isiyo yao.

Maswali matano kabla ya kujibu mwaliko

Mwanafunzi aandikie ofisi ya programu ya heshima akiwa na mzazi au mlezi wake, aulize:

1. Je, programu hii ina ufadhili kwa mwanafunzi wa kigeni, na ni kiasi gani kwa mwaka?
2. Ufadhili huo unadumu miaka mingapi, na nitaupoteza nikishuka alama ngapi?
3. Kuna ada ya ziada ya programu?
4. Nikikataa sasa, naweza kuomba tena baada ya mwaka wa kwanza?
5. Baada ya ufadhili wote, familia yangu italipa kiasi gani kwa mwaka?

Ofisi hizo zimezoea maswali hayo na kuuliza hakumwondolei mtoto nafasi. Jibu la swali la tano likija kwa maandishi, familia ikalisoma pamoja na kuligeuza kuwa shilingi, ndipo mama aamue kuhusu ng'ombe.